Yamaha PSR-E373 kwa anayeanza kupiga kodi: cha kutumia na cha kuzima

Muuzaji wa kinanda cha PSR-E373, awe wa mjini Dodoma au wa Kariakoo, huanza onyesho kwa njia ileile: anawasha mdundo, anagandamiza kidole kimoja upande wa kushoto, na bendi nzima inatoka kwenye spika. Mnunuzi anavutiwa, anatoa hela, boksi linafungwa kwenye bodaboda. Onyesho hilohilo ndilo linalozaa wapiga kinanda wenye mwaka mzima wa mazoezi wasioweza kuhama kutoka kodi (noti tatu zinazopigwa pamoja) ya C kwenda ya F bila kuinamia vidole. Kinanda chenyewe hakina hatia. Ila sehemu yake inayovutia wateja dukani na sehemu yake inayofundisha ni vitu viwili tofauti, na muuzaji huonyesha moja tu.

Hapa kinapimwa kwa kazi moja: kumfikisha anayeanza kwenye kodi za msingi na mifululizo yake, mpaka aweze kusindikiza wimbo wa kwaya au wa nyumbani. Kwa kazi hiyo nakipendekeza, kwa sharti kwamba miezi mitatu au minne ya mwanzo usindikizaji wa kujiendesha (kitufe cha ACMP) uzimwe na kuhamisha ufunguo (kupandisha au kushusha sauti zote kwa namba) kusiguswe kabisa. Asiyeweza kutimiza sharti hilo ni heri anunue kinanda cha bei ndogo zaidi, maana atakuwa amelipia vitu vya kumdumaza.

Kilitoka mwaka 2020, na mwaka 2024 Yamaha wakatoa PSR-E383 kukirithi. Ndiyo maana E373 sasa hupatikana ama kwenye maduka yenye akiba ya zamani, ama kikiwa kimetumika. Mrithi wake ameongezewa sauti na midundo, lakini kwa mtu wa kodi tatu hilo halibadilishi kitu. Ukikuta E373 kizima kwa bei ya chini, chukua.

Vibonyezo, ambavyo ndivyo unavyonunua

Vipo 61, okteva tano, na upana wake ni wa piano ya kawaida, kwa hiyo mkono utakaouzoesha hapa hautapotea ukikaa kwenye piano kubwa. Vinasikia nguvu ya kidole: ukigonga taratibu sauti inatoka ndogo, ukigonga kwa nguvu inatoka kubwa. Wengi hudhani hilo ni pambo la wapigaji wazoefu. Kwa kodi ni jambo la siku ya kwanza, kwa sababu kodi ni sauti tatu kwa pamoja, na kidole gumba cha anayeanza huwa kizito kuliko kidole cha mwisho. Kwenye kinanda kisichosikia nguvu, sauti tatu hutoka sawa hata mkono ukiwa umepinda, na kasoro haisikiki. Hapa utaisikia: noti ya chini inapiga kelele, ya juu inafifia. PSR-E273, ndugu yake mdogo wa mwaka huohuo, hana uwezo huu. Kwa kinanda cha kujifunzia kodi hilo pekee linatosha kumwacha dukani.

Vibonyezo hivi havina uzito wa nyundo kama vya piano. Ni vyepesi, vya springi. Atakayehamia piano ya mbao ataona vidole vinachoka haraka wiki za mwanzo. Kwa mpiga kinanda wa kanisani hilo si tatizo.

Kuna jambo la Dodoma lenyewe, nalo ni vumbi. Chini ya kila kibonyezo kuna vigusio viwili vya mpira vyenye kaboni. Kinanda hupima muda unaopita kati ya kigusio cha kwanza na cha pili kugusa, na kutokana na muda huo kinaamua sauti iwe kubwa kiasi gani. Vumbi likikaa kwenye kimojawapo, noti ama haitoki ama inatoka kwa nguvu zote hata ukiigusa kidogo. Kuanzia Mei hadi Oktoba, upepo wa kiangazi unapopuliza vumbi ndani ya nyumba za Nzuguni na Nkuhungu, kinanda kisichofunikwa hakimalizi msimu bila noti moja au mbili kuanza ukorofi. Kifuniko cha kitenge kinatosha, mradi kiwekwe kila baada ya kupiga. Futa kwa kitambaa kikavu na laini. Spiriti na thina zinaharibu plastiki.

Kwa sababu hiyohiyo, kinanda kilichotumika hupimwa hivi: chagua sauti ya piano, kisha gusa vibonyezo vyote 61 kimoja kimoja, kwa ulaini uleule, kuanzia kushoto hadi kulia. Usipige wimbo. Wimbo huficha kibonyezo kibovu kwa sababu unakiruka. Noti yoyote inayoruka juu ya wenzake au inayokosekana, ujue kinanda kitafunguliwa na fundi kusafishwa, na bei iteremke kwa kiasi hicho.

Siku ya kwanza: sauti moja, metronomu, mkono mmoja

Bonyeza kitufe cha PORTABLE GRAND. Hicho kinarudisha sauti ya piano hata kama mtoto alikuwa amechezea sauti zote 622. Hakikisha ACMP imezimwa. Weka metronomu, yaani kipima mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika. Hayo ndiyo maandalizi yote.

Kodi ya meja hujengwa kwa kuhesabu vibonyezo vyote, vyeupe na vyeusi, bila kuruka: kutoka noti ya msingi panda hatua 4, kisha 3. Kutoka C (kibonyezo cheupe kilicho kushoto mwa vyeusi viwili vilivyo pamoja), hatua 4 zinafika E, na 3 zinafika G. Kodi ya maina ni kinyume chake, 3 kisha 4: A, C, E. Kwa aliyewahi kukaa kwaya, njia fupi zaidi ni solfa. Kodi ya kwanza ni do, mi, so. Ya nne ni fa, la, do. Ya tano ni so, ti, re. Ya sita, ambayo ni maina, ni la, do, mi. Mwanakwaya anayesoma karatasi za d, r, m tayari ana nusu ya somo kichwani. Anachokosa ni kujua do iko wapi kwenye kinanda, na hilo karatasi yenyewe huliandika juu kushoto, kwa mfano do ni G.

Sasa uwekaji wa mikono, ambapo wengi hupotea. C ya kati kwenye vibonyezo 61 ni C ya tatu ukihesabu kutoka kushoto. Mkono wa kulia ukae hapo: C, E, G kwa vidole 1, 3, 5, kidole gumba kikiwa namba 1. Mkono wa kushoto upige noti moja tu, ile ya msingi: C ya pili kutoka kushoto kwa kodi ya C, na F na G zilizo chini yake kwa kodi hizo. Usipige kodi nzima ya noti tatu huko chini. Noti nzito zilizobanana hutoa mngurumo, kwa sababu kila moja hubeba sauti ndogondogo juu yake na hizo hugongana. Spika za kinanda hiki ni ndogo, zenye wati 2.5 kila upande, kwa hiyo mngurumo huo utasikika kama kinanda kibovu wakati kosa ni la mpangilio.

Anayeanza huenda F kwa kuubeba mkono mzima hadi F, A, C, kisha huubeba tena hadi G, B, D. Kodi ni sahihi, muziki haupo. Mkono unaruka, macho yanafuata mkono, pigo linapotea. Fanya hivi badala yake. Ukiwa kwenye C, E, G, acha kidole gumba kibaki C. E ipande F, G ipande A. Umepata C, F, A, yaani kodi ya F iliyogeuzwa, vidole 1, 3, 5. Kutoka hapo kwenda G, sauti zote tatu zinashuka: C hadi B, F hadi D, A hadi G. Umepata B, D, G, vidole 1, 2, 5. Wakati huohuo besi ya mkono wa kushoto inapanda kutoka F hadi G. Kwamba juu kunashuka na chini kunapanda si bahati: sauti zote zikipanda pamoja, kwaya hutoka na ule mlio mtupu ambao mwalimu yeyote wa kwaya huukemea. Kurudi nyumbani, B inapanda C, D inapanda E, G inabaki.

Sauti za soprano, alto na tenor ziko mkono wa kulia, besi iko kushoto. Alto mzuri haruki; husogea hatua moja au hukaa. Mkono wa kulia ufuate sheria hiyo.

Zoezi lenyewe ni hili. Kwa mapigo 60, shika kodi kwa mapigo matatu; pigo la nne nyanyua mkono na uuweke juu ya vibonyezo vya kodi inayofuata bila kugandamiza; pigo la kwanza linalofuata gandamiza vidole vyote kwa pamoja. C, F, G, C. Ukipita mara nane mfululizo bila kukosa, ongeza mapigo manne. Ukifika 80, ondoa lile pengo na ushikilie kodi mapigo yote manne. Kosa la kawaida hapa ni vidole kutua kimoja kimoja, kama ngazi. Chanzo chake ni kugandamiza kabla vidole vyote havijafika, na tiba yake ni kupunguza mwendo, hata hadi 50, wala haina njia ya mkato.

Usindikizaji wa kidole kimoja

Hapa ndipo E373 humponza mwanafunzi kwa wema. Ukiwasha ACMP, vibonyezo vilivyo kushoto, kuanzia F# (kibonyezo cheusi kulia kwa F) iliyo chini ya C ya kati, vinageuka kuwa sehemu ya kuamuru kodi. Katika mpangilio unaokuja nao kutoka kiwandani, uitwao Multi Finger, kibonyezo kimoja kinatosha kwa meja. Ukiongeza kibonyezo cheusi cha karibu upande wa kushoto unapata maina. Ukiongeza cheupe cha karibu upande wa kushoto unapata kodi yenye saba, kama C7. Vyote viwili pamoja ni maina yenye saba. Ni ufundi mzuri kwa mtu anayetaka kutunga au kuimba mwenyewe jioni. Lakini angalia unachofundisha mkono: kwamba A maina ni A na G#. Siku utakayokaa kwenye piano ya kawaida, A na G# ni kelele.

Kasoro ya pili imejificha zaidi. Ukipiga kodi kamili ya noti tatu kwenye sehemu hiyo, kinanda hakijali umeipanga vipi. C, E, G au E, G, C, vyote ni C kwake, na bendi inajipangia sauti zake yenyewe. Kwa hiyo mkono unaoruka ovyo unapata matokeo sawa na mkono unaohama kwa adabu, na sikio halipewi sababu ya kudai kitu bora.

Kuna matumizi moja ya ACMP ninayoyakubali mapema. Iwashe bila kuanzisha mdundo, piga kodi upande wa kushoto, na jina lake litaonekana kwenye kioo. Ni njia ya haraka ya kuhakiki kama D yako imepata F# au umeangukia D maina. Kumbuka tu kwamba kioo huandika C hata ukibonyeza C peke yake, na kitaandika C7 kidole kikiteleza na kuigusa B. Kioo kinathibitisha jina. Hakithibitishi kwamba vidole vitatu vimefanya kazi.

Mpangilio wa Smart Chord ni rahisi kuliko huo: unakieleza kinanda ufunguo una shapu (#) au flati (♭) ngapi, kisha kidole kimoja kinatoa kodi inayofaa katika ufunguo huo, meja au maina. Kwa mwalimu wa shule ya msingi anayetaka watoto waimbe leo, sawa. Kwa mwanafunzi wa kodi hakina somo ndani yake. Heri kundi la nyimbo za ndani lililoandikwa Chord Study na lile la Chord Progression, ambamo kioo huonyesha vibonyezo na wewe ndiye unayevigandamiza. Yapite mara moja, usiyategemee. Nyimbo za kwaya zako hazimo.

Kuhamisha ufunguo

Kinanda kinaweza kupandishwa au kushushwa hadi nusu sauti 12 kila upande, huku vidole vikibaki kwenye C. Huu ni ugonjwa wa wapiga kinanda wengi wa makanisani: kila wimbo unapigwa C, na kazi iliyobaki inafanywa na namba kwenye kioo. Mambo yanaenda mpaka gitaa la besi linapoingia. Mpiga besi anauliza ufunguo, anajibiwa C, wakati spika zinatoa D. Dakika mbili za fujo mbele ya waumini. Au wimbo unaofuata unaanza na namba ya jana haijarudishwa sifuri, na kwaya inajikuta juu ya uwezo wa soprano.

Dawa ni kujua funguo nne kwa mkono, na si nyingi kama zinavyoogopwa, kwa sababu umbo la kuhama ni lilelile ulilojifunza C. Kwa G: G, B, D, kisha G, C, E, kisha F#, A, D. Kwa F: F, A, C, kisha F, B♭ (kibonyezo cheusi kushoto kwa B), D, kisha E, G, C. Kwa D: D, F#, A, kisha D, G, B, kisha C#, E, A. Katika kila ufunguo noti ya chini inabaki palepale kwenye kodi ya pili ya orodha hiyo na inashuka nusu sauti kwenye ya tatu. Ukiliona hilo, umeacha kukariri.

Makosa yake yanajulikana. Kwenye F, kidole huenda B nyeupe badala ya B♭, na kodi ya nne inatoka F, B, D, sauti chachu ambayo hata asiye mwanamuziki anageuka. Hilo hurekebishika upesi kwa sababu linauma sikio. La hatari ni la D: ukisahau C# kodi ya tano inakuwa A, C, E, yaani A maina, ambayo ni kodi halali na haiumi. Wimbo unapoa tu, unakosa hamu ya kurudi nyumbani, na mpigaji hajui kwa nini. Kila wimbo wa D unaoonekana kulegea kwenye mwisho wa beti, kagua C# kwanza.

Baada ya funguo nne, kuhamisha kwa kinanda kunaruhusiwa. Kwaya ikianza A♭ na wewe huna, tumia, kisha rudisha sifuri kabla mkono haujaondoka kwenye wimbo.

Mifululizo michache inayolipa

C, A maina, F, G ndiyo yenye faida ya haraka zaidi, na mkono wa kulia unaifanya karibu bila kusogea: C, E, G, kisha G peke yake inapanda A na unapata C, E, A, kisha E peke yake inapanda F na unapata C, F, A, ndipo zote zinashuka B, D, G. Ukiipanga upya kuwa C, G, A maina, F, ni maumbo yaleyale kwa mpangilio mwingine: C, E, G, kisha B, D, G, kisha C, E, A, kisha C, F, A. Kati ya hizo mbili utasindikiza mapambio mengi.

D maina, G, C inafaa kumalizia sentensi ya wimbo: D, F, A, kisha D, G, B, kisha E, G, C. Na ukitaka G ivute kwa nguvu zaidi kurudi C, ongeza F: mkono wa kulia upige B, F, G, besi ibaki G. Ti inataka do, fa inataka mi, na noti hizo mbili ndizo zinazomwambia mwimbaji kwamba beti limekwisha. D unaweza kuiacha bila hasara.

Tahadhari kwa kwaya zenye nyimbo za mahadhi ya Kigogo, ambazo Dodoma haziwezi kukwepwa wala hazipaswi. Muziki huo, ule ambao mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose aliutembeza duniani kwa ilimba (ala ya vijichuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze, haukupimwa kwa nusu sauti 12 zilizo sawa kama kinanda. Unafuata sauti za asili zinazopandana juu ya sauti moja ya msingi, na ile ya saba katika mpando huo, do ikiwa C, iko chini ya B♭ ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu sauti. Ukilazimisha kodi ya G yenye B nyeupe chini ya sauti hiyo, waimbaji watayumba au watakufuata na kuupoteza wimbo wao. Piga C na G peke yake, bila E, au shikilia besi tu na uwaachie nafasi. Hapo kinanda kunyamaza nusu ya wimbo ni ufundi pia.

Umeme, pedali na mikusanyiko

Adapta yake ni ya volti 12, na kinanda pia hutumia betri sita za AA. Uwezo wa betri ni sababu nzito ya kukichagua kwa mazingira ya umeme kukatika. Tumia za alkalini, badilisha zote sita kwa pamoja, na zitoe kinanda kikikaa muda mrefu. Kwa kilichotumika kutoka nje, soma adapta kabla ya kuichomeka. Iliyoandikwa ingizo la volti 100 au 120 pekee itaungua kwenye umeme wetu wa 230. Inayofaa imeandikwa 220 hadi 240, au 100 hadi 240. Adapta ya Casio usiiazime, hata plagi ikiingia.

Kinanda hujizima chenyewe kikikaa dakika 30 bila kuguswa. Mahubiri ya Jumapili yanapita hapo kwa urahisi, na mpiga kinanda hugundua wakati wa wimbo wa kuitikia. Kuondoa tabia hiyo, kiwe kimezimwa, shikilia kibonyezo cha mwisho kabisa upande wa kushoto huku ukikiwasha.

Pedali ya kushikiza sauti haiji kwenye boksi la kawaida. Tundu la SUSTAIN lipo nyuma. Usiikanyage wakati unawasha, kwa sababu kinanda kitaisoma kinyume: sauti zitashikizwa ukiachia na zitakatika ukikanyaga. Zima, toa mguu, washa tena. Namna ya kuitumia kwenye kodi: piga kodi mpya kwanza, ndipo uachie na kukanyaga tena papo hapo. Anayekanyaga pamoja na kidole hubaki na uchafu wa kodi iliyopita. Na anayekanyaga bila kuachia, huku mdundo unaendelea, atazimaliza sauti 48 ambazo kinanda kinaweza kutoa kwa wakati mmoja, na noti za mwanzo zitaanza kukatika.

Kwenda kwenye mixer ya kanisa, hakuna tundu maalumu la kutokea. Unatumia lile la hedifoni, la milimita 6.3, na spika za kinanda zitanyamaza. Ni tundu la stereo. Waya wa gitaa, wenye mstari mmoja mweusi kwenye ncha, unafunga upande wa kulia kwenye ardhi ya umeme. Tumia waya unaoanza na plagi ya stereo na kugawanyika kuwa mbili za mono. Anza na sauti ya kinanda nusu, kisha panda kwa mixer. Washa kinanda kwanza na spika kubwa mwisho. Kuzima ni kinyume chake.

Mshindani, na unapofika dukani

Casio CT-S300 ndicho cha kukilinganisha nacho. Kina vibonyezo 61 vinavyosikia nguvu, mshikio wa kubebea, na uzito wa kilo 3.3 dhidi ya 4.6 za Yamaha. Kwa anayepanda daladala kwenda mazoezini kila Jumamosi, tofauti hiyo ina maana. Ndugu yake CT-S200 anafanana naye sana kwa nje lakini hasikii nguvu ya kidole, na huuzwa pembeni yake. Soma namba kwenye mwili wa kinanda, usisome kwenye boksi. Sauti ya piano ya Yamaha naiona bora, hasa kodi zinaposhikizwa kwa pedali, na kioo chake kinamsaidia zaidi anayejifunza noti.

Bei uulize ikiwa na adapta, kishikilia karatasi na dhamana ndani yake, kwa sababu maduka huvitoa kimya kimya ili kushusha tarakimu. Stendi ya umbo la X nunua inayopanda na kushuka: ukiwa umekaa, kiwiko kiwe usawa wa vibonyezo. Stendi ndefu hupandisha mabega, na hapo ndipo kidole cha tano kinapoanza kukosa G. Kwa kilichotumika, baada ya kugusa vibonyezo vyote, fungua mfuniko wa betri chini. Ukikuta unga wa kijani au mweupe kwenye vyuma, betri ziliwahi kuvuja ndani. Mwambie muuzaji akiwashe kwa betri mpya mbele yako, adapta ikiwa imechomolewa.